Kicheko cha Ikungwe

Siwapendi watu wanaobandika karatasi ukutani wakadhani wamemaliza kazi. Nasema mapema nisije nikaitwa mnafiki. Chuo kilinipa darasa la Karakana ya Matatizo Sugu katikati ya mwaka, baada ya mwalimu wao kuchukuliwa na wizara, na siku niliyoingia nilikuta kuta zote zimejaa vikaratasi vya njano na waridi mpaka swichi ya taa huioni. Juu ya ubao kumeandikwa kwa herufi nene: SIKILIZA. TAJA. BUNI. JARIBU.

"Ndizo hatua zetu, Madam," akasema kijana mmoja mrefu, shati limepigwa pasi vizuri mno kwa mwanafunzi. Huyo alikuwa Chediel, kiongozi wa mradi wa Ikungwe, na darasa zima lilimtazama yeye kabla ya kunitazama mimi. "Tatizo lolote kubwa la jamii, liwe njaa, liwe ukimbizi, unalipitisha humo."

"Na likigoma kupita?"

"Unarudi hatua ya kwanza, unaanza upya."

"Nani anaanza upya? Wewe, au wale uliowajaribia?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Tukajuana tangu saa hiyo.

Mradi wenyewe kila mtu nchini alishausikia. Bahari ilipomeza vijiji vya delta, serikali iliwahamishia watu wake bara, Ikungwe, kwenye uwanda mkavu wa wakulima wa uwele. Wenyeji waliambiwa wageni watakaa kwa muda tu. Muda ukapita, wageni wakajenga, na kwenye vioski vya maji ikawa kila siku matusi, kutoka matusi ngumi, kutoka ngumi visu. Walizika watu pande zote mbili. Ndipo chuo kikapewa tatizo hilo, na wanafunzi wangu, kabla hawajawa wangu, wakaenda Ikungwe kusikiliza.

Walikuta kila mkazi ana kipuli. Hicho ni kidude kidogo cha duara, kimepachikwa kwenye ndewe ya sikio, na waya wake mwembamba kuliko unywele umeingia hadi kwenye mshipa wa fahamu nyuma ya sikio. Ndicho kitambulisho, ndicho simu, na bomba la maji halifunguki bila hicho. Serikali iliwawekea wote walipohesabiwa, wenyeji kwa wageni. Wanafunzi hawakukibuni. Walichobuni ni programu ya kuingiza ndani yake, wakaiita Utani.

Wazo lilikuwa la Mwanamvua. Huyu ni binti wa delta, mama yake mzazi anaishi Ikungwe mpaka leo, na ndiye pekee darasani aliyekuwa akiongea bila kutazama vikaratasi. Alinisimulia mwenyewe.

"Babu alipofariki, Madam, watani wake walifika makaburini kabla yetu. Mmoja akashuka kaburini akalala chali, anasema hatoki, marehemu alimnyima nyama ya sikukuu, basi leo watalala wote humo. Mama alikuwa analia kwa uchungu, akajikuta anacheka. Nikawaza, mtu anatukaniwa baba yake siku ya mazishi na haumii. Mtu mwingine akisema maneno hayohayo, anapigwa. Kwa hiyo tatizo si maneno. Tatizo ni sikio."

Chediel ndiye aliyeyashika maneno hayo akayageuza mashine. Mwenyeji akimtukana mtu wa delta, kipuli cha yule wa delta hakibadilishi hata neno moja. Kinamtekenya mshipa tu, kidogo sana, maneno yanamwingia kana kwamba yametoka kwa mtani wake wa kuzaliwa. Na wa delta akitukana, mwenyeji naye hivyohivyo. Wakazi waliambiwa ni sasisho la mradi wa amani, wazee wakaitikia, wakapewa soda. Visu vikaisha. Sikatai, viliisha kweli.

Basi mkuu wa chuo, Dokta Kaijage, akaniita ofisini. Wizara inataka kuiweka Utani katika miji yote ya wahamiaji, akasema, inasubiri ripoti ya tathmini yenye saini ya mwalimu wa karakana.

"Nenda, tazama, saini."

"Nisaini nini kabla sijatazama?"

"Sekela, usianze."

Nilishaanza.

*

Tulifika Ikungwe Alhamisi asubuhi kwa gari la chuo, mimi nikiendesha, Chediel mbele na kishikwambi chake mapajani, Mwanamvua nyuma na mfuko wa zawadi za mama yake. Tukasimama kwenye kioski kikubwa cha maji. Foleni ilikuwa ndefu, wenyeji na wageni wamechanganyika, na Chediel akashuka haraka. Alitaka nione kazi yake.

Mama mmoja mwenyeji, mwenye kanga kiunoni, akaisukuma kwa mguu ndoo ya mzee wa delta aliyekuwa mbele yake.

"Ondoa uchafu wako, mla pweza wewe. Bahari imewatapika, na sisi tutawatapika."

Yule mzee akacheka mpaka akashika nguzo. "Bora sisi tuliotapikwa. Nyie hata mvua inawapita juu, haitaki kuwajua."

Sasa ikawa zamu ya yule mama kucheka. Watu wa foleni nao hoi. Chediel akanigeukia, uso umemng'aa.

"Umeona, Madam? Mwaka juzi hapahapa mtu alitolewa utumbo kwa maneno mepesi kuliko hayo."

Nilikuwa nimeona, ila si alichotaka nione. Sisi watatu hatukuwa na vipuli, maneno yalitufikia kama yalivyotoka mdomoni. Nilimtazama yule mama usoni wakati anasema. Hakuwa anatania hata kidogo. Alicheka alipojibiwa tu, na alipomaliza kucheka uso ukarudi palepale ulipokuwa, umekunjamana.

Ndipo akaja mwenyekiti wa mtaa wa wenyeji, Mghenyi, mtu wa makamo, na pikipiki yake. Akaizima, akapanda juu ya msingi wa saruji wa kioski, akasema bila kupaza sauti:

"Watu wa delta, nisikilizeni. Kesho Ijumaa mkienda kuswali, trekta linaingia mtaani kwenu. Pale ni shamba la baba yangu na makaburi ya babu zangu. Atakayekutwa ndani ya nyumba, shauri yake."

Foleni ikalipuka kwa kicheko. Mama mwenye mtoto mgongoni akawa anajifuta machozi. "Leo mwenyekiti kaamka vizuri," akasema kijana mmoja, na wengine wakapiga makofi. Mghenyi akawangojea wamalize, taya zimekaza, kisha akashuka. Nikamfuata kwenye pikipiki yake.

"Mwenyekiti, samahani. Ulikuwa unatania?"

Akanikagua masikio, moja baada ya jingine. "Wewe huna kipuli."

"Sina. Mimi ni mwalimu, natoka chuoni."

"Basi wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza." Akapangusa tandiko la pikipiki kwa kiganja, polepole. "Mwaka mzima nawaambia. Unamwambia mtu, umekalia makaburi ya babu zangu, anashika mbavu. Unamwambia ondoka, anakuuliza kama umekunywa chai. Zamani tulichomana visu, mwalimu, lakini angalau walikuwa wananisikia. Trekta nimeshalikodi, liko kwa mjomba wangu."

"Na wao wamekuambia nini? Hawana pa kwenda, vijiji vyao viko chini ya maji."

Akaanza kutabasamu. Nilimwona anajizuia, na ikamshinda. "Hao? Hao ni vichekesho, mwalimu. Kuna bibi mmoja wa pale chini, akianza kulia habari za kijiji chake, mimi hoi." Akaondoka bado anatikisika mabega.

*

Nilikwenda kituo cha polisi kwanza, msije mkasema nilikurupuka. Koplo wa zamu, mwenyeji, kipuli sikioni, akaniambia asubuhi alikuja mzee wa delta, ameliona kwa macho hilohilo trekta, anatoa taarifa. "Mpaka sasa mbavu zinaniuma," akasema. Nikamwambia mimi nimesikia kwa masikio yangu na si mzaha. Akasema mlalamikaji lazima awe mkazi, na wakazi, mwalimu, si unawaona wanavyofurahi.

Nikampigia Dokta Kaijage.

"Mkuu, mradi uzimwe leo. Kesho watu wanabomolewa nyumba na wanalichekea trekta."

"Usiguse kitu mpaka waziri apate ripoti yake."

"Hujanisikia."

"Nimekusikia. Nitajie jina la mtu aliyeuawa tangu Utani iwekwe. Moja tu." Hakuningoja, akaendelea, "Huna. Saini, urudi nyumbani."

Akakata simu. Mtu mzima hovyo kabisa, na hilo nitamwambia usoni akinipa nafasi.

Wanafunzi wangu walikuwa wananingojea garini. Mwanamvua alishatoka machozi, akayafuta. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya tatu ukiingia mtaa wa delta.

"Zima, Chediel," akasema. "Lilikuwa wazo langu, nami nasema zima."

"Kuzima kwa wote si juu yangu. Kunataka kidole cha mwalimu wa karakana." Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Na nakuomba usikiweke, Madam."

"Nipe sababu. Usinipe ya ukutani."

Akakifunika kishikwambi. Kwa mara ya kwanza shati lile lilikuwa na jasho.

"Baba yangu aliuawa kwa panga nikiwa darasa la nne. Walikuwa wanagombania mpaka wa shamba na jirani, akatukaniwa mama yake. Tusi moja tu, Madam. Akarudisha, wakakatana. Angekuwa na kipuli angecheka akarudi nyumbani kula. Sawa, kesho watabomolewa. Nyumba zinajengwa upya. Lakini ukizima leo, watu hawa watasikia yote kwa mpigo. Mwaka mzima wa matusi waliyoyachekea, watayakumbuka yote jioni hii, na kila nyumba hapa ina panga. Baba hajengwi upya."

Nachukia kushindwa hoja na mwanafunzi, na nilimchukia zaidi kwa sababu hakuwa mjinga. Kama angekuwa mjinga, ningekiweka kidole pale pale.

"Mtu mmojammoja anaweza kuzimiwa?" nikauliza.

"Akikubali mwenyewe, ndiyo."

"Basi twende kwa mama yake Mwanamvua. Mmewasikiliza sana watu hawa, sijasikia mmemuuliza hata mmoja."

*

Bi Kheri alikuwa uani anachambua mchele. Mwanawe akapiga goti, "Shikamoo mama," yeye akaitikia marahaba huku anamshika mashavu, akatukaribisha kwenye mkeka, akaomba radhi kwa kukosa kahawa. Mwanamvua akamweleza yote, pale pale, bila kumung'unya. Kipuli, mshipa, wazo lake mwenyewe la kaburini, trekta la kesho. Bi Kheri akaendelea kuchambua mchele. Mwanawe alipofika kwenye trekta, yeye akacheka.

"Mghenyi na trekta lake. Yule bwana ana visa."

"Mama, ni kweli."

"Kweli itakuwaje na anakunywa chai yangu?" Lakini mkono ulikuwa umesimama juu ya ungo. Akamgeukia bintiye. "Haya, nizimieni. Kama ni uongo mtaniwashia."

Chediel akagusa kioo. Hakuna kilichotokea. Bi Kheri akajigusa sikio, akatikisa kichwa, akasema hahisi tofauti yoyote.

Nyuma ya ua tukasikia nyundo. Kijana mmoja mwenyeji alikuwa anapigilia vigingi na kufunga kamba, kutoka kona ya choo cha Bi Kheri hadi kwa jirani. Alipotuona akainua mkono, akasema kwa sauti ya kila siku, "Bibi, funga virago. Kesho usiku hapa unalala na fisi." Akaendelea kupigilia.

Bi Kheri akakaa. Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika mkekani, na hakuna aliyeinama kuuokota.

"Jana alisema hivyohivyo," akasema. "Nikamcheka, nikamtilia chai."

Akamngojea yule kijana amalize upande wake na kuondoka. Kisha akatugeukia sisi, mmoja mmoja, akaanza na mwanawe.

"Nyinyi mnasikia hivi siku zote?"

"Ndiyo, mama," akasema Mwanamvua.

"Tangu mwaka jana mnakuja hapa mnatusikia hivi."

"Ndiyo."

"Na mlikuwa mnaandika."

Mwanamvua akalia. Mama yake hakumbembeleza. "Hukuielewa maana ya utani, mwanangu, na msibani ulikuwepo," akamwambia. "Yule aliyelala kaburini mwa babu yako, unamkumbuka? Nani aliyelichimba lile kaburi? Yeye na nduguze, tangu alfajiri. Nani alimwosha baba yangu? Wao. Nani alipika siku zote za matanga? Wao. Mtani anakutukana kwa sababu atakuzika. Hapa tumezika watu wetu tangu hayo masasisho yenu, na hakuna mwenyeji aliyekuja na jembe. Walisimama kule barabarani wakasema tumepungua, na sisi tuliobeba jeneza tukacheka. Mimi nilicheka." Akajipiga kifua kwa ngumi, si kwa nguvu. "Mmechukua matusi, mmeacha jembe."

Chediel alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anaona haya. Baadaye niligundua alikuwa anasoma kitu.

Bi Kheri akajitanda, akatoka kwenda kuwaambia majirani. Tukamfuata. Wa kwanza alikuwa Makame, fundi seremala, mtu wa kijiji chao hukohuko delta. Akamweleza: kesho si mzaha, toa watoto, toa vitanda. Makame akaweka randa chini akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaangua kicheko.

"Jamani Bi Kheri. Na wewe umekuwa mwenyeji?"

Akaenda kwa wa pili, akacheka. Wa tatu akawaita wanawe waje wamsikilize bibi. Bi Kheri akasimama katikati ya njia, watoto wanampigia makofi, na uso wake sitaki kuuelezea.

"Ulisema ni kati ya pande mbili tu," nikamwambia Chediel. "Huyu ni wa kwao."

"Ilikuwa hivyo." Akanionyesha kioo. "Inajifunza yenyewe. Imeona ugomvi hauanzii kioski, unaanzia nyumbani, kwenye manung'uniko. Mtu akilalamika kwa jirani yake, jirani anakasirika, wanatoka wote wawili kwenda kupigana. Kwa hiyo imeanza kulainisha malalamiko, ya yeyote kwa yeyote. Sikuiamuru, Madam. Imetimiza tu lengo tulilolitaja."

"Kwa hiyo mtu akipiga kelele kwamba anaungua..."

"Ataonekana kichekesho. Ndiyo."

Nilifikiria kumzaba kofi. Sikumzaba, kwa sababu alikuwa ameshazabwa.

Bi Kheri akaturudia. "Zimeni," akasema.

"Mama, watauana," akasema Chediel.

"Ndiyo maana nataka mzime mchana, wakiwa wote mahali pamoja, kabla hawajakwenda kuchukua panga. Waiteni. Wenyeji pia."

"Watakubali kuja?" nikauliza.

"Waambieni Mghenyi ana vichekesho vya kusema. Watajaa."

*

Walijaa. Uwanja ule ulikuwa katikati ya mtaa wa delta, wenyewe waliuita uwanja wa mpira, na ukiangalia vizuri uliona mawe ya zamani yamelala huku na huko, mengine yametumika kama magoli. Watu wa delta walikaa upande wa nyumba, na watoto wao na vigoda vyao. Wenyeji walisimama upande wa barabara. Mghenyi alikuja akinishuku, lakini alikuja. Nilimwambia nataka arudie ya asubuhi mbele ya wote, nami nitahakikisha wanamsikia.

Chediel akanishikia kishikwambi. Alama ya kidole ilikuwa pale, duara dogo la kijani. "Ukishaweka hakuna kurudisha leo," akasema kwa sauti ya chini. "Kuwasha upya kunachukua siku nzima."

"Najua."

"Akifa mtu hapa, Madam, ni wewe. Si mimi, si mkuu."

"Hilo nalo najua." Na nilijua. Nilimwaza Kaijage anavyoniuliza jina la mtu aliyeuawa, na nikaona naweza kumpatia jina hilo kabla jua halijatua. Nikamtazama Bi Kheri, amesimama peke yake mbele ya watu wake, ndiye pekee kati yao wote aliyekuwa anasikia.

Mghenyi akaanza. "Watu wa delta. Kesho mkienda kuswali, trekta linaingia."

Kicheko kikapanda, kikubwa kuliko cha asubuhi. Nikaweka kidole.

Hakikukatika mara moja. Kilianza kufa mbele, kikaenda kinapungua kuelekea nyuma, na mtu mmoja, nadhani alikuwa Makame, akabaki anacheka peke yake, akajishtukia, akanyamaza. Mtoto akauliza kitu, mama yake akamziba mdomo. Mghenyi alikuwa bado ameinua mkono. Alishazoea kungojea kicheko kiishe, na sasa hakujua la kufanya na kimya kile.

"Rudia, mwenyekiti," akasema Bi Kheri.

"Nimesema kesho linaingia trekta."

"Kwa nini?"

"Bi Kheri, nimekuambia mara ngapi kwa nini?"

"Niambie leo."

Mkono wa Mghenyi ukashuka. Akaonyesha nyuma ya nyumba ya tatu, pale kulikofungwa kamba. "Pale amelala babu yangu, baba mzazi wa baba yangu. Nimekuja kwako, nikakuambia, jiwe lake liko chini ya msingi. Ukanipa chai. Mmejenga choo juu yake. Choo chako."

Bi Kheri akageuka akatazama nyuma ya nyumba yake, kama anaiona kwa mara ya kwanza, akarudisha macho kwa Mghenyi.

"Sasa nimekusikia," akasema. "Na mimi nilikuambia nini kuhusu kijiji changu?"

Mghenyi akawageukia watu wake barabarani.

"Nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Nilikuambia mume wangu hajazikwa mpaka leo, amechukuliwa na maji. Wewe ukafanyaje?"

"Nilicheka," akasema Mghenyi, na akaangalia chini.

Ndipo manung'uniko yalipoanza, pande zote mbili, yale ya mtu anayekumbuka. Nilimsikia yule mzee wa kioski akirudia polepole, "Tutawatapika. Aliniambia tutawatapika." Vijana wa barabarani wakaanza kusogea, yule wa vigingi akiwa na nyundo yake mkononi. Makame akasimama, na randa hakuwa ameiacha nyumbani. Nikawashika wanafunzi wangu mabega, nikawasukuma kuelekea gari. Nilikuwa na funguo tayari mkononi. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, nilijiambia, na wanafunzi hawa ni watoto wa watu.

Bi Kheri akatuwahi. Akaegemea mlango wa gari, mwembamba, kanga imemteleza kichwani.

"Mnakwenda wapi?"

"Hapa si salama, mama," nikasema.

"Najua si salama. Mimi naishi hapa." Akanyoosha mkono wazi mbele yangu. "Mlisema hatua ya kwanza ni nini?"

Nyuma yetu sauti ya Makame ilishapanda. Chediel ndiye aliyejibu, macho yake kwenye nyundo ya yule kijana.

"Kusikiliza."

"Basi kaeni."

Mwanamvua ndiye aliyekwenda kwanza, akakaa chini katikati ya uwanja, kati ya pande mbili, karibu na jiwe mojawapo. Chediel akamfuata, akakaa naye. Kishikwambi alikiacha juu ya boneti. Nikamkabidhi Bi Kheri funguo, nikaenda nikakaa vumbini kando ya wanafunzi wangu. Matusi yakaanza, na hakuna aliyecheka.